Nyika Niliyoipita Mara Mia

Kwa miaka sita niliijua Nevada kupitia kioo cha mbele cha lori. Barabara ya I-80 niliikata kutoka Sacramento hadi Salt Lake City na kurudi, wiki baada ya wiki, na kila safari nyika ile ile ilipita dirishani: tambarare yenye weupe wa chumvi, safu ya milima, tambarare tena, safu tena, kana kwamba aliyeichora aliishiwa wazo jingine. Nilijua kituo gani kahawa yake imechemka tangu jana. Nilijua mlima upi unatangulia kushika wekundu asubuhi. Ungeniuliza wakati ule ningeapa kwamba nchi hii naijua. Kumbe nilikuwa kama mtu apitaye mbele ya mlango wako kila siku akienda sokoni, mwisho akajihesabu mwenyeji.

Humo ndani niliingia Oktoba 2019, bunduki begani, na siku ya pili nikagundua kwamba hata jua la kule nilikuwa silijui. Hilo la jua nitalifikia.

Aliyenitia katika mambo haya ni dereva mwenzangu, mzee aliyekulia upande wa Elko, ambaye kila tulipokutana alinigawia nyama kavu ya ayala. Neno ayala nalitumia kwa kukosa jingine. Limo katika Biblia ya Kiswahili, lakini mimi ni Mrangi wa Kondoa, Mwislamu, na kwetu mnyama huyu hayupo. Tuna swala, kulungu, kuro, pofu, na hao wote pembe wanayoota ndiyo wanayozeeka nayo. Ayala dume huziangusha pembe zake kila mwaka baridi inapokaribia kwisha, kisha huzioteshea nyingine, zikivikwa kwanza ngozi laini ambayo baadaye huisugua vichakani hadi itoke. Huyu wa nyika za magharibi mwa Marekani wamempa jina kwa masikio yake, makubwa kama ya baghala. Ningeweza kusema nyumbu, maana baghala naye ni nyumbu, lakini mtaje nyumbu mbele ya Mtanzania uone: mawazo yake yote yatakuwa yameshafika Serengeti.

Kuwinda kule huanza na karatasi. Niliingia Marekani mwaka 2012 kwa bahati nasibu ya viza, nikaja kukuta kwamba hata ayala ni bahati nasibu. Nevada hawakuuzii kibali chake dukani. Unaomba majira ya kuchipua, unataja maeneo unayoyataka, kompyuta inachagua. Ukikosa unapewa pointi, na pointi hizo mwaka unaofuata huzidishwa kwa zenyewe: mwenye tatu anaingia kapuni na namba tisa, anaongezewa moja ya ombi la mwaka huo, zinakuwa kumi. Nilikosa 2016, nikakosa 2017, nikakosa 2018. Mwaka wa nne jina langu likatoka.

Kabla ya hapo ilibidi nisome. Yeyote aliyezaliwa baada ya Januari 1, 1960 hapati leseni ya kuwinda Nevada bila cheti cha mafunzo, kwa hiyo mtu mzima wa miaka thelathini na kitu nilikaa darasani na watoto ambao miguu yao ilikuwa haijafika sakafuni. Mmoja, mtoto wa kike, alinirekebisha namna ya kushika bunduki ninapovuka uzio. Alisema kwa upole, kama mwalimu wa chekechea. Sijakosea tangu siku ile.

Kibali changu kilikuwa cha milima ya Santa Rosa, kaskazini mwa Winnemucca, safu ambayo vilele vyake vinakaribia mita 3,000 na ambayo kutoka I-80 niliiona kama mkunjo wa kijivu tu upande wa mbali. Nilikuwa na miezi minne. Nikafanya lile ambalo kila mgeni mwenye simu anafanya: nikapakua ramani. Usiku, watoto wakilala, nilikaa mezani nikabandika alama. Buluu kwa maji, nyekundu kwa malisho, njano kwa mahali pa kukaa na darubini. Hadi Julai alama zilikuwa 43, na mimi nilikuwa na majivuno ya jemadari. Mke wangu alipita nyuma ya kiti changu akasimama kidogo.

"Baba watoto," akaniuliza, "na huyo mnyama naye anazo hizo alama?"

Nilicheka. Aliyenikatiza kicheko ni mjomba wangu. Mjomba yuko Kondoa, ameshapita miaka themanini, na ujanani alikuwa mwindaji wa gobore. Mwaka 1973 serikali ilipopiga marufuku uwindaji, alilizika gobore lake shambani, na hadi leo anadai amesahau shimo. Nilimpigia nikitaka, nakiri, kusifiwa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mama yako kaniambia unataka kuwinda kwa Wazungu. Maji yako wapi?"

Nikamtajia chemchemi sita kwa majina.

"Umeziona?"

"Nimeziona kwenye ramani, mjomba."

Akanyamaza muda. Nilisikia jogoo upande wake. "Nani anakaa hapo?"

"Hakuna mtu. Ni ardhi ya serikali."

"Basi hujaanza," akasema. "Pori halikosi mwenyewe. Kamtafute kwanza, umuulize."

Niliudhika, kwa sababu nilidhani mzee anafikiria Kondoa. Lakini maneno ya mjomba huwa yanakaa mwilini kama mwiba wa mgunga, na wiki ile ile nikaanza kuuliza ardhi ni ya nani.

Kwanza ni kweli kwamba serikali kuu ya Marekani inamiliki karibu asilimia 80 ya ardhi ya Nevada, na mwananchi anaweza kutembea katika sehemu yake kubwa bila kumuomba mtu. Lakini tazama ramani ya umiliki kandokando ya reli, kule kule ninakopita na lori. Ni ubao wa drafti. Bunge la Marekani lilipotaka reli ifike Pasifiki liliwalipa wajenzi kwa ardhi: kwa sheria ya 1862, ikaongezwa 1864, kampuni ilipewa vipande vyenye namba witiri, kila kimoja maili moja ya mraba, hadi maili 20 kila upande wa reli. Vipande vyenye namba shufwa vikabaki vya serikali. Reli ilikamilika 1869, na ile drafti ipo mpaka leo, ila sasa vyumba vyeusi vimeuzwa na kuuzwa tena kwa wafugaji na matajiri wa mbali. Uzio hakuna, kibao mara nyingi hakuna. Mtu anatembea katika vichaka vile vile, udongo ule ule, na kwa hatua moja yuko kwenye ardhi ya mtu. Njia mbili katika nilizochora usiku zilikatiza vyumba vyeusi. Nikazifuta.

Upande wa kaskazini wa milima ile, pale McDermitt, kuna ardhi ya Wapaiute na Washoshone, ambao mababu zao waliwinda humo kabla mtu hajawaza reli. Kuna wafugaji wenye vibali vya kulisha ng'ombe ndani ya msitu wa taifa. Kuna wachungaji wa kondoo wanaotoka Peru kwa viza za kazi. Kwa nchi isiyo na mtu, niliona ina wenyewe wengi.

Mwisho nikampigia mtaalamu wa wanyamapori wa jimbo. Hili ningelifanya siku ya kwanza kabla ya kupakua chochote, na sijui kwa nini mgeni huona haya kuuliza watu ambao kazi yao ni kujibu. Nadhani ni desturi yetu wahamiaji: ofisi ya serikali ni mahali pa kwenda ukiitwa. Yule bwana alizungumza nami nusu saa. Swali lake la kwanza lilikuwa kama picha yangu ya setilaiti ni ya kabla au baada ya moto.

Sikujua kuna moto. Yaani nilijua, Julai 2018 niliendesha lori katikati ya moshi ule kwa siku kadhaa taa zikiwa zimewashwa mchana. Lakini moshi wa barabarani ni kero ya dereva, sikuwahi kuuliza nini kinaungua. Ulianzia Paradise Valley, chini kabisa ya milima yangu, ukakimbia kwenda kaskazini-mashariki na kumeza zaidi ya hekta 176,000, moto mkubwa kuliko wote uliowahi kurekodiwa Nevada. Picha ya simu yangu ilikuwa ya kabla. Nilipoweka mpaka wa moto juu ya ramani, alama kumi na moja ziliingia ndani yake. Malisho yangu mekundu yalikuwa majivu.

Na yale majivu yana ubaya wake. Vichaka vya seji, vile vya kijivu vyenye harufu kali kama dawa ya kienyeji, havichipui tena kutoka shinani vikiungua. Hungoja mbegu, miaka mingi. Katikati ya kungoja huko inaingia nyasi ya kigeni, chitigrasi, iliyotoka Ulaya na Asia: huota mapema, hukauka kabla ya majira ya joto kukolea, na kavu yake ni kiberiti. Moto unaofuata unakuja haraka zaidi, na kila moto nyasi inarudi na kichaka hakirudi. Ayala wanategemea vichaka hivyo theluji inaposhuka. Nilimsimulia mjomba, naye hakuhitaji maelezo marefu. Mwaka 1979 mradi wa HADO ulipoondoa mifugo yote kwenye makorongo ya Kondoa ili ardhi ipone, ng'ombe wake ni miongoni mwa waliofukuzwa. "Ardhi ikivuliwa nguo," alisema, "haivai tena kwa kuambiwa."

Jambo jingine aliloniambia yule mtaalamu ni kwamba madume niliyokuwa nikiyaona kwenye video, makundi ya matano sita yanayokula peupe, ni ya Agosti, bado yana ngozi laini kwenye pembe. Ikifika Oktoba makundi yamevunjika. Msimu wa kupandana haujaanza, huo ni Novemba kuelekea Desemba, kwa hiyo dume halina sababu ya kutembea. Linakula gizani, alfajiri linajilaza mahali, na mahali hapo panaweza kuwa padogo kama kitanda. Nikamuuliza ni mahali gani. Akasema, "Penye kivuli." Nikaandika: kivuli. Nikaona nimeelewa.

Agosti nilipanda na familia kwa siku moja kukagua chemchemi. Kati ya sita, tulifikia tatu. Moja ilikuwa na maji safi. Moja ilikuwa tope lililokanyagwa na ng'ombe. Ya tatu ilikuwa hori la chuma lililopinduka na mduara wa magugu makavu. Mchora ramani alikuta maji pale siku moja, miaka mingi iliyopita, akapaka buluu. Mwanangu wa kiume aliuliza kama na sisi tumepotea. Nilimwambia hapana, ni maji yaliyopotea.

Sheria ya Nevada inakataza kupiga kambi ndani ya yadi 100 za shimo la maji kwa namna inayowazuia wanyama na mifugo kuyafikia. Nilipoisoma nilifurahi kama aliyekutana na mtu wa kwao. Nyikani kwetu hakuna mzee ambaye angehitaji iandikwe.

Na kulikuwa na swali ambalo ramani haikulihusu. Nilikwenda kumuona imamu wetu nikamuuliza kuhusu risasi. Alinikumbusha Adi bin Hatim, swahaba aliyemuuliza Mtume maswali ya uwindaji hadi ukatoka humo mlango mzima wa fikihi: taja jina la Mwenyezi Mungu unapoachia, silaha itoboe isiwe ya kuponda, ukimkuta hai mchinje, ukimkuta amefia majini muache. Kisha akatabasamu. "Kisu uwe nacho kiunoni," alisema. "Wengi hukiweka chini ya begi, mnyama anakufa wao wanatoa soksi."

*

Tulipanda Oktoba 4, mimi na rafiki yangu, dereva mwenzangu kutoka Bukavu. Yeye hakuwa na kibali wala nia ya kuwinda. Alikuja, alivyosema, kuona kama nina akili. Kwa kuwa nimemzidi umri ananiita yaya, kama wanavyosema kwao.

Kambi niliipanga mezani nyumbani, Reno, chini ya taa ya umeme: bondeni, miti imezunguka, kijito mbali ya kutosha kisheria na karibu ya kutosha kwa sufuria. Pazuri sana. Usiku wa kwanza maji ya kunywa yaliganda ndani ya hema. Hewa baridi ni nzito, hutiririka kutoka mlimani kama maji na kujaa bondeni, na sisi tulikuwa tumelala katika bwawa lake. Si hilo tu. Ule mto wa hewa ulibeba moshi wetu, kahawa yetu na jasho letu moja kwa moja hadi kwenye mdomo wa bonde, ambako ndiko nilikopanga kukaa na darubini alfajiri. Nilikaa. Nilichokiona ni alama za kwato mbichi, zimechimba udongo kwa kasi, zinaelekea mbali.

Siku hiyo ya kwanza nilitembea kilomita 14 kutoka alama hadi alama, kama mtoza ushuru. Niliona majike manne na mtoto wao. Mmoja alinitazama, masikio yakigeuka moja moja, kisha wote wakaruka kwa ule mtindo wao wa ajabu, miguu yote minne ikiinuka na kutua pamoja kama mpira. Mchana kulipopata joto la kuvua koti, nilijibanza kwenye kivuli cha jabali nikakumbuka daftari langu: kivuli. Nilitazama huku na huku. Kivuli kilikuwa kila mahali na hakikuwa popote. Kila kichaka kilikuwa nacho kidogo.

"Yaya," rafiki yangu aliniuliza jioni, akisugua mikono juu ya moto, "ni nani alikuambiaka kama hapa iko nyama?"

Siku ya pili tuliingia kwenye kichaka kikubwa cha miti ya aspeni, majani yake yamegeuka njano, na magome yake meupe yamejaa maandishi. Majina, tarehe, mwanamke mmoja aliyechorwa na mtu aliyemkosa kwa muda mrefu. Ni kazi ya wachungaji wa Kibaski waliochunga kondoo milima hii kizazi baada ya kizazi. Kisu hukwaruza kidogo tu, mti wenyewe unamalizia kwa kovu jeusi linalopanuka kadiri unavyokua. Mimi ni mtoto wa Kondoa, nimekua na michoro ya Kolo, pofu na watu wembamba juu ya mwamba, mikono ambayo hakuna anayeijua jina. Nilisimama pale zaidi ya mpango. Tofauti ni kwamba mwamba unangoja. Aspeni huishi miaka mia hivi, kisha huanguka na maktaba yake.

Tulipotoka upande wa pili tulimkuta mchungaji wa leo, Mperu, na mbwa wawili waliotukagua kabla hajaturuhusu. Kihispania changu ni cha gati la kupakia mizigo. Kifaransa cha rafiki yangu hakikusaidia. Lakini kila mmoja wetu alijua kumpa mwenzake chai. Alipoona bunduki alielewa swali bila kuulizwa. Nilimwonyesha kwa kidole mteremko nilioupangia jioni ile, mpana, una malisho, una chemchemi ile yenye maji. Akatikisa kichwa. Akaonyesha jua. Kisha akageuza mkono wake taratibu, kiganja kikilitazama jua, na kwa mkono mwingine akagusa mgongo wa kiganja. Akagusa tena. Akaelekeza kidevu juu, nyuma ya mlima.

Nilitazama jua. Ilikuwa saa sita na nusu mchana, na jua lilikuwa kusini, halijafika hata nusu ya njia ya kwenda utosini.

Sijui nieleze vipi aibu ile. Miaka saba nimeishi Marekani. Jua la kusini limenipiga jicho la kulia kila nilipoendesha kuelekea Salt Lake City, nikashusha kizuizi cha jua, nikaendelea. Lakini kichwani nilibeba jua la Kondoa, ambalo miezi fulani huegemea kaskazini, miezi fulani kusini, na katikati hupita juu ya paa. Kwetu mlima hauna upande wa kudumu wa kivuli. Kila ubavu una zamu yake. Kule Nevada ubavu wa kaskazini haupati zamu ya haki kamwe, hasa ukiwa na mwinuko mkali. Theluji hukaa huko zaidi, udongo hushika unyevu, ndiyo maana aspeni hupenda huko kuliko kusini, na mlima ule ulikuwa pia na vichaka vigumu vya mahogani ya milimani. Kutoka I-80, upande wa kusini wa Santa Rosa, nilikuwa nimetazama kiganja cha mlima kwa miaka sita. Alama zangu za njano, zote zilizobaki, zilitazama kusini, kwa sababu kwenye picha ndiko kulikokuwa na mwanga mzuri.

Nilizima simu. Si kwa falsafa. Betri ilikuwa imebaki kidogo na nilitaka kuitunza kwa dharura.

Siku ya tatu hatukuanza kwa kutembea. Tulikuwa tumehamisha kambi juu jioni iliyotangulia, na kabla ya mapambazuko tulikaa kwenye ukingo unaotazama mgongo wa mlima, bonde moja jembamba katikati yetu na miteremko ya kaskazini. Niliifunga darubini kwenye stendi ya miguu mitatu, nikaanza kusoma mlima kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka: mstari, mstari, mstari. Saa moja. Saa tatu. Rafiki yangu alilala, akaamka, akala, akalala. Saa nne na robo niliona jani likitikisika mahali pasipo na upepo. Lilitikisika tena. Lilikuwa sikio. Nilikuwa nimelipita mara tano labda, maana nilikuwa natafuta mnyama, na kumbe siku zote anayeonekana ni sikio, au mstari wa mgongo uliolala katikati ya vichaka vinavyosimama. Kisha kichwa kikageuka, na tawi moja kavu la mahogani likageuka nacho.

Alikuwa mita 600 na zaidi, chini ya mahogani, kwenye kivuli kisichozidi ukubwa wa jamvi la kuswalia.

Hewa ilikuwa imeshageuka. Usiku na asubuhi hushuka. Jua likipasha mlima huanza kupanda, na hewa ikipanda mwindaji anapaswa kuwa juu ya windo. Tulizunguka kwa nyuma, saa mbili na nusu za kupanda na kutambaa, hadi nikamkuta chini yangu, mita 190, bado amelala. Niliweka begi, nikalaza bunduki juu yake. Nilingoja asimame. Alisimama kwa sababu zake mwenyewe, akajinyoosha kama ng'ombe. Nikasema bismillahi kwa sauti, maana nilitaka niisikie.

Aliruka mara tatu na kuingia vichakani. Tulikaa dakika thelathini. Yule mzee wa Elko aliniapisha kwamba sitamfukuza mnyama aliyejeruhiwa kabla ya muda huo. Tukafuata damu hatua themanini. Kisu kilikuwa kiunoni, lakini hakikuhitajika. Alikuwa amekufa ubavu kwa ubavu na shina la mahogani, kivulini. Rafiki yangu, Mkatoliki, alivua kofia. "Amina," akasema, ingawa hakuna aliyekuwa ameomba kwa sauti.

Ilikuwa saa saba na nusu mchana, na hapa ndipo mpango wangu ulipokwisha kabisa. Kurasa kumi na nne za daftari, njia, maji, upepo, sheria za ardhi. Kuhusu nyama kulikuwa na mstari mmoja: *kubeba nyama*. Gari lilikuwa kilomita sita, na kwa kuwa tulimjia kutoka juu, kilomita mbili za kwanza zilikuwa za kupanda. Joto lilikuwa la shati. Nevada kuacha nyama inayolika ioze ni kosa la jinai, na kwa mjomba wangu ni zaidi ya kosa. Tulichuna upesi, tukatenganisha mapaja, mabega, sarara, shingo, tukatia kwenye mifuko ya pamba na kuitundika kivulini ipoe. Kile kivuli kilichomficha ndicho kilichookoa nyama yake. Upande wa kusini ingekuwa imeharibika kabla hatujarudi kwa mzigo wa pili. Safari mbili. Ya pili ilikuwa gizani, mwezi umepita nusu, tochi zimefungwa kichwani, na rafiki yangu akiimba nyimbo za kanisani kuwaarifu wanyama wakali kwamba tumechoka na hatutaki ugomvi. Kila mita mia moja alisimama. "Yaya, mwaka ujao tumupige karibu na barabara." Nilikuwa sina pumzi ya kumjibu.

Tulifika garini saa saba usiku. Barafu iliyobaki kwenye masanduku ilitosha shingo na bega moja. Barafu ya nyama iliyosalia tulinunua Winnemucca, kwenye kituo ambacho nimejaza dizeli mara zisizohesabika. Yule kijana wa kaunta, ambaye ananijua kama dereva, alitazama suruali yangu na damu iliyokauka, akanipa kahawa bure. Ilikuwa imechemka tangu jana.

Pale mtandao ulipatikana. Ilikuwa saa nane na nusu usiku, yaani Kondoa ni saa sita na nusu mchana. Nilimtumia mjomba picha, nikampigia kabla sijalala kwa kusimama. Nilitarajia aulize pembe. Pembe ndizo kila mtu alikuja kuziuliza baadaye.

"Mbona kalala kivulini?" akasema. "Mlimvuta?"

"Hatukumvuta, mjomba. Ndipo alipolala tangu asubuhi. Mchana kutwa kivuli hakimtoki."

"Mchana kutwa?"

"Mchana kutwa."

Akaguna. Mjomba haamini kitu asichokiona. Nikamuuliza kama yuko nje. Akasema yuko uani, anaanika mtama.

"Kivuli chako kiko wapi?"

Nilisikia kandambili zikisugua ardhi, upande huu, kisha upande huu. Mwanzo wa Oktoba jua la Kondoa linapita utosini kabisa.

"Nimekikanyaga," akasema.

"Huku hakikanyagiki, mjomba," nikamwambia, na kijana wa kaunta akanisukumia kikombe cha pili.